Chakula cha vibarua ndani ya kasri: kisa cha Casa do Alentejo, Lisbon

Mlango namba 58 wa Rua das Portas de Santo Antão, katikati ya Lisbon, hauvutii macho. Mtaa wenyewe umejaa migahawa ya watalii, wahudumu wamesimama nje wakiita wapita njia, na ukuta wa namba 58 ni mpana, wa kawaida tu. Ukiingia na kupanda ngazi unatokea kwenye ua wa ndani wa mtindo wa Kiarabu: matao, nakshi kuta nzima, mwanga ukishuka kupitia paa la kioo. Juu yake kuna ukumbi wa dansi wa mtindo wa Kifaransa, wenye vioo na mapambo ya fahari, pamoja na vyumba vya kulia vilivyovikwa vigae vya buluu na nyeupe. Katika vyumba hivyo ndimo linamoletwa bakuli la açorda, yaani mkate uliolala, umelowekwa kwenye maji ya moto yenye kitunguu saumu, kotimiri na mafuta ya zeituni.

Hii ndiyo Casa do Alentejo, yaani Nyumba ya Alentejo, eneo la kusini mwa Ureno. Nyumba ni kasri la mabwana. Chakula ni cha vibarua waliolima ardhi ya mabwana. Jinsi viwili hivi vilivyokutana kwenye meza moja ndicho kisa ninachokichambua hapa, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: mlo huu una uzito kwa sababu nyumba ni mali ya wenye chakula. Angekuja mwenye hoteli akapika vyakula vile vile chini ya dari zile zile, tungekuwa na habari nyingine kabisa.

Kasri lilivyobadilisha mikono

Jengo linaitwa Palácio Alverca. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 17 na kwa vizazi vingi lilikuwa la ukoo wa Pais do Amaral. Kati ya 1917 na 1919 lilikodishwa na ndani yake likabadilishwa sana, chini ya msanifu António Rodrigues da Silva Júnior, ili liwe Magestic Club, mojawapo ya kasino za mwanzo za Lisbon. Ule ua wa Kiarabu ni wa wakati huo. Wageni wengi hudhani wamesimama ndani ya mabaki ya utawala wa Waislamu, kumbe ni mapambo ya karne ya 20 yaliyowekwa kuwapendeza wacheza kamari. Sehemu ya vigae ni kazi ya Jorge Colaço, msanii wa Kireno aliyezaliwa Tangier mwaka 1868, yule yule aliyepamba stesheni ya reli ya São Bento mjini Porto kwa vigae vipatavyo 20,000.

Kasino haikudumu. Mwaka 1927 utawala wa kijeshi ulitunga sheria iliyoruhusu kamari lakini ikaifungia katika maeneo maalumu kama Estoril. Lisbon haikuwemo. Klabu, ambayo wakati huo ilikwisha kuitwa Monumental Club, ikafunga milango 1928, na wenye nyumba wakabaki na jengo la fahari lisilo na mpangaji.

Mpangaji aliyepatikana mwaka 1932 alikuwa chama: Grémio Alentejano, kilichoundwa 1923 na watu wa eneo la Alentejo waliokuwa wakiishi mji mkuu. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji maelezo mengi juu ya chama cha aina hii. Ni watu wa nyumbani waliokutana mjini, wanaochangiana, wanaosikilizana habari za kijijini na kumpokea aliyeshuka kwenye treni jana. Mwanzoni hakikuwa chama cha maskini peke yao. Lisbon ilikuwa na mawakili, wafanyabiashara na hata wenye mashamba kutoka Alentejo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kikachukua jina la Casa do Alentejo, na mwaka 1981, baada ya kulipa kodi kwa karibu nusu karne, kikalinunua kasri lenyewe.

Ununuzi huo ndio kitovu cha kisa. Majumba mengi ya aina hii katikati ya Lisbon yamegeuka ofisi, hoteli au nyumba za kupangisha. Hili limebaki na maktaba, kumbi za mikutano, dansi za mchana na jiko, na aliyeamua hivyo ni mkutano wa wanachama.

Kwa nini kila kitu kinaanza na mkate

Alentejo inachukua karibu theluthi moja ya ardhi ya Ureno bara, lakini haina hata sehemu moja ya kumi ya watu wake. Ni tambarare kubwa kusini mwa mto Tejo: ngano, mizeituni, na misitu ya sobreiro, mti ambao gome lake hubanduliwa kila baada ya miaka tisa na kugeuzwa vizibo vya chupa. Ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache wenye mashamba makubwa mno. Waliobaki waliuza nguvu zao kwa siku, wakisimama uwanjani asubuhi wakisubiri msimamizi awachague, na kati ya msimu wa kupanda na wa kuvuna walikaa bila kazi wala ujira.

Mwaka 1929 serikali ilianzisha Kampeni ya Ngano ili Ureno ijitosheleze kwa mkate. Alentejo ikalimwa mpaka kwenye vilima vya mawe. Ngano iliongezeka, udongo ukachoka, na aliyeivuna hakutajirika. Tarehe 19 Mei 1954, karibu na kijiji cha Baleizão, mvunaji wa miaka 26 aliyeitwa Catarina Eufémia aliuawa kwa risasi na ofisa wa GNR, kikosi cha askari polisi wa taifa, yeye na wenzake wakidai nyongeza ya ujira. Katika miongo iliyofuata maelfu walihama kwenda viwanda na karakana za meli ng'ambo ya Lisbon, Barreiro, Almada na Seixal. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 yaliyoangusha udikteta, wale waliobaki waliyatwaa mashamba makubwa, zaidi ya hekta milioni moja, kabla ya serikali zilizofuata kuanza kuyarudisha.

Ukiyajua haya, orodha ya chakula ya Casa do Alentejo inasomeka kwa jicho jingine. Karibu kila chakula kikuu ni jibu la swali moja: nina mkate wa siku nne, nitaulaje leo? Mkate wa Alentejo ni wa ngano, una chachu ya asili na ganda nene, na unakaa wiki nzima bila kuharibika. Kaskazini mwa Ureno walikula mkate wa mahindi. Kusini ilikuwa ngano, na ngano haikutupwa hata ilipokauka kama ubao.

Açorda ndiyo mfano ulio wazi kuliko wote. Unatwanga kwenye kinu kitunguu saumu, chumvi ya mawe na fungu la kotimiri (dania, kama wasemavyo Nairobi) mpaka vishikane. Unaimiminia mafuta ya zeituni bila ubahili. Pembeni kuna maji yanayochemka, ambamo umetokosa mayai bila ganda, na siku ya neema umechemshia kipande cha samaki wa chumvi. Maji hayo unayamwaga juu ya vile ulivyotwanga, kisha unatia vipande vya mkate na kula mara moja, kabla mkate haujawa uji. Basi. Hakuna kukaanga, hakuna nyanya, hakuna mchuzi uliochemka saa tatu. Mtu aliyezoea kwamba supu huanza na mfupa anaweza kuliona bakuli hili kuwa ni udanganyifu, mpaka harufu ya kotimiri iliyounguzwa na maji ya moto impige usoni.

Wanahistoria wa chakula wanaihusisha açorda na tharidi, mkate uliomegwa ndani ya mchuzi, chakula ambacho Waislamu wa pwani na wa Oman wanakijua vizuri kupitia hadithi za Mtume. Uhusiano huo una msingi. Alentejo ilikaa chini ya watawala Waislamu tangu karne ya 8. Évora haikuchukuliwa na Wakristo hadi 1165, na sehemu za kusini zaidi zilifuata katika karne ya 13. Na ni hapa kusini ambako kotimiri mbichi imeshika jiko kwa namna ambayo huioni kwingi Ulaya. Kwa hiyo uarabu wa kweli wa nyumba hii umo ndani ya bakuli, na ule wa ukutani uliletwa na kasino.

Migas ni ndugu wa açorda, ila ni mzito. Mkate hulowekwa, hukamuliwa, kisha hugeuzwa-geuzwa kwenye kikaango chenye mafuta mpaka ujikusanye kuwa donge refu lenye ganda la dhahabu. Kwa kawaida mafuta hayo yametokana na nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwanza, na nyama huwekwa kando ya donge. Majira ya kuchipua kuna migas ya asparagasi pori, machungu kidogo, na kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Halafu kuna sopa de cação, ambayo mtu wa Lamu au Unguja ataielewa kwa wepesi kuliko Mjerumani wa meza ya jirani. Cação ni papa mdogo. Nyama yake ilivumilia safari ya kutoka pwani kuliko ya samaki wengine, ndiyo maana ikawa chakula cha watu wa bara waliokaa mbali na bahari. Hupikwa kwa kitunguu saumu, kotimiri na siki, mchuzi ukifanywa mzito kwa unga kidogo wa ngano, na chini ya bakuli unakuta nini kama si mkate. Siki ndiyo siri: inakata ile harufu kali ya papa na kuacha utamu wake.

Nyama ya kondoo huja kama ensopado, mchuzi uliomwagwa juu ya vipande vya mkate. Na kile ambacho wageni wengi huagiza ni carne de porco à alentejana: vipande vya nguruwe vilivyolazwa kwenye divai, kitunguu saumu na pilipili hoho nyekundu iliyosagwa kwa chumvi, vikakaangwa na kuchanganywa na kome wadogo wanaofunguka kwenye sufuria hiyo hiyo. Kulaza nyama kwenye divai na kitunguu saumu ni desturi iliyosafiri mbali sana. Ilifika Goa, huko divai ikaacha nafasi kwa siki na viungo vya Kihindi vikaongezwa, ikawa vindaloo, na Wagoa wakaja nayo hadi Zanzibar, Mombasa na Nairobi.

Vitamu vinatoka ulimwengu mwingine. Hivi havikuwa vya vibarua. Vilibuniwa kwenye nyumba za watawa wa kike, waliokuwa na sukari, mayai na muda. Sericaia ya Elvas, mji wa Alentejo, ni maziwa, mayai na mdalasini vilivyookwa mpaka uso upasuke, ikiletwa na plamu zilizohifadhiwa kwa sukari. Mdalasini ule ulifika kwa wingi Ureno baada ya safari ya Vasco da Gama, mtu aliyezaliwa Sines, pwani ya Alentejo hiyo hiyo, na ambaye Aprili 1498 alitia nanga Mombasa kisha Malindi akitafuta njia ya kwenda India. Kwa msomaji wa pwani ya Kenya hilo si jambo la mbali. Nguzo ya mawe aliyoacha Malindi ingali pale, na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ni sehemu ya mkondo uo huo wa viungo, bunduki na kodi. Anayekula sericaia Lisbon anakula na historia yetu, na hapana ubaya kulitaja hilo mezani.

Meza ya serikali na meza ya chama

Ureno ina desturi rasmi ya kulisha watu vyakula vya mikoa ndani ya majengo ya kale. Mwaka 1942, chini ya utawala wa dikteta Salazar, ilifunguliwa Elvas pousada ya kwanza, nyumba ya wageni ya serikali, na toka mwanzo sharti lilikuwa mgeni ale chakula cha mahali alipo. Kuanzia miaka ya 1950 pousada zikaingia ndani ya makasri, ngome na nyumba za watawa. Estremoz, ndani ya Alentejo, pousada iko kwenye ngome ambamo Malkia Isabel alifariki mwaka 1336. Ya Évora iko katika nyumba ya zamani ya watawa wa Lóios. Queluz, nje kidogo ya Lisbon, watu wanakula ndani ya jiko la kale la kasri la kifalme, chini ya bomba kubwa la moshi. Tangu 2003 uendeshaji wa mtandao huo uko mikononi mwa kampuni binafsi ya hoteli, Pestana.

Siwadharau. Wameokoa majengo ambayo yangebomoka, na wameweka kwenye karatasi mapishi ambayo yangekufa na mabibi wa Kireno. Lakini angalia nani anamkaribisha nani. Kwenye pousada chakula cha kibarua kinatolewa kama sehemu ya mandhari: nje kuna minara, ndani kuna mazulia, kwenye sahani kuna mkate wa maskini uliopambwa. Utawala uliopenda kumwonyesha mtalii mkulima mwenye furaha ndio huo huo ambao askari wake walimpiga risasi Catarina Eufémia. Hilo halikuandikwa kwenye orodha ya chakula.

Casa do Alentejo imefika mahali hapo kwa mlango mwingine. Mhudumu anaweza kuwa mjukuu wa mvunaji, na mzee anayecheza karata chumba cha pili ni mwanachama anayepiga kura kuhusu paa la jengo. Ukienda mchana wa kawaida, wafanyakazi wa ofisi za jirani wanakula hapo kwa bei ya kueleweka. Chini, kwenye taberna, watu wanakunywa divai ya Borba au Vidigueira na sahani ndogo za jibini la kondoo, bila kuulizwa wanatoka wapi.

Hii haina maana kwamba mambo ni laini. Mlango uko wazi kwa kila mtu, na kila mtu amekuja: siku nyingi ua wa Kiarabu umejaa watu wanaopiga picha na kuondoka. Mezani, wageni huagiza kinachotambulika, nguruwe na kome, au samaki wa chumvi anayepatikana kila kona ya Lisbon. Jiko linalolisha watalii linavutwa upande wa kitoweo kikubwa na mkate mdogo, na hiyo ni kinyume cha Alentejo. Ningependa kila mgeni aanze na bakuli la açorda kabla ya kitu kingine, hata kama ni la kugawana watu wawili.

Kwa msomaji Mwislamu inafaa kusema wazi: jiko hili limejengwa juu ya nguruwe. Mafuta yake yanaingia mahali usipoyatarajia, migas kwanza kabisa, na hata mchuzi wa kondoo unaweza kuanzishwa nayo. Açorda na supu ya papa kwa desturi ni za mafuta ya zeituni, ndizo za kuulizia, na uulize pia juu ya divai. Kuuliza hakuchukizi mtu. Wapishi wa Alentejo hupenda kueleza wanachofanya.

Kuna kitu kingine ambacho pousada haiwezi kukinunua, nacho ni cante. Ni uimbaji wa makundi bila ala yoyote: sauti moja inaanza, ya pili inadakia juu yake, kisha kundi zima linaingia kwa uzito, polepole, kana kwamba wanatembea. Vibarua waliuimba wakienda na kurudi mashambani na kwenye vilabu vya divai. Wahamiaji waliunda makundi yao Barreiro, Almada na viungani mwa Lisbon, na Casa do Alentejo ikawa moja ya mahali pa kuyakutanisha. Tarehe 27 Novemba 2014 UNESCO iliuingiza cante kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Kundi likiimba kwenye ule ukumbi wa dansi uliojengewa matajiri wa 1919, wanaume wa makamo wameshikana mikono, unaelewa kasri hili ni la nani kuliko hati yoyote ya umiliki inavyoweza kueleza.

Alentejo yenyewe haijasimama. Mwaka 2002 bwawa la Alqueva lilianza kujaa, na penye ngano kavu sasa kuna mizeituni iliyopandwa kwa safu za karibu, ikimwagiliwa na kuvunwa kwa mashine. Pwani ya Odemira imefunikwa na mahema ya plastiki ya matunda madogo kama rasiberi. Wanaochuma ni watu kutoka Nepal, India na Bangladesh. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, Ureno nzima iliona jinsi wanavyorundikwa vyumbani, na serikali ikalazimika kuwatafutia mahali pa kulala. Pale São Teotónio, katika wilaya ya Odemira, tayari kuna maduka na migahawa ya Kinepali. Vibarua wa Alentejo wa leo wanakula wali na dengu. Wengi wana vyama vyao vya watu wa nyumbani, wanachangiana, wanampokea aliyefika jana, na bado ni wapangaji.